Pumzi ya Teluri

Safu ya mbele ilikuwa na mapengo mawili, na katikati ya mapengo hayo alisimama Hashimu.

Mwislamu hufundishwa tangu utotoni kwamba safu ya swala haiachi nafasi. Watu husimama bega kwa bega, unyayo kwa unyayo, shetani akose pa kupita. Adhuhuri ile, katika msikiti mdogo wa Chang'ombe, shetani angepita akiendesha baiskeli, tena yenye gunia la mkaa nyuma. Mtu wa kulia alikuwa amejibana kwa mwenzake kama anayeogopa kuanguka mtoni. Wa kushoto alishusha ncha ya kilemba hadi puani, akajifanya anajikuna. Hashimu aliyaona yote kwa pembe ya jicho. Aliposujudu, pumzi yake iligonga mkeka ikamrudia usoni, nzito, chungu, kama kitunguu swaumu kilichooza ndani ya soksi.

Baada ya swala imamu alimsubiri penye viatu.

"Mzee Hashimu, kitunguu swaumu ni dawa, hakuna anayekataa. Presha, minyoo, vyote hivyo. Lakini sheria ya nyumba hii unaijua. Aliyekila asitukaribie hapa mpaka harufu imtoke."

"Sijala kitunguu swaumu."

"Sawa."

"Naapa. Mara ya mwisho ilikuwa Idi, na hiyo Idi yenyewe nilivitoa kwenye pilau nikavipanga pembeni ya sahani."

Imamu alikwisha kurudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Akaongea akitazama viatu, kana kwamba ndivyo vilivyonuka. "Basi kapime tumbo, mzee wangu. Mpaka hapo sali nyumbani. Sikufukuzi. Na ile ndoa ya bintiyo, tuifungie kwako uani badala ya hapa. Uani kuna upepo."

Hashimu alivaa viatu bila kufunga kamba, akaondoka. Ijumaa ilikuwa inakuja, na Ijumaa hiyo alitakiwa aketi goti kwa goti na kijana wa watu, amshike mkono, amwozeshe Amina, mtoto wake pekee. Maneno ya kuozesha hutamkwa kwa mdomo. Hakuna namna ya kuyatamka bila kupumua.

Msiba huo ungempata mtu mwingine yeyote, angecheka na kuendelea. Ulimpata Hashimu, ambaye maisha yake yote aliyapanga kwa pua. Alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyeshuka mjini akiwa kijana, akafanya kazi ya fundi redio kule Majengo, na aliacha vibanda viwili, kimoja kwa sababu kilipakana na bucha, kingine kwa sababu mwenzake wa kibanda alikuwa akivua viatu. Kanzu zake alizifukiza udi mwenyewe, hakumwachia mkewe. Akipewa maji ya kunywa ugenini, alinusa bilauri kwanza, wenye nyumba wakimtazama. Hakujali. Aliamini kwamba watu wamegawanyika makundi mawili, wanaooga na wanaojimwagia maji.

Ndiyo maana siku Hassani alipokuja kuposa, Hashimu alimwekea kiti mlangoni. Hassani alikuwa mfanyabiashara wa ngozi. Ng'ombe na mbuzi wakichinjwa, yeye huzichukua ngozi mbichi, huzikwangua mafuta, huzimwagia chumvi na kuzipanga bandani. Alikuja amenyoa, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani, na harufu ya ngozi ikaja naye. Hashimu alikitazama kile kiti cha plastiki chenye mguu ulioshonwa kwa waya, akakisukuma kwa kidole hadi kizingitini, mahali upepo unapotokea kwenda nje. "Keti hapo, kijana, upate hewa." Hassani aliketi. Aliongea na wakwe zake watarajiwa kwa sauti ya juu, kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. Baadaye Hashimu alimwambia mkewe, Joha, "Mkwe gani huyu? Ukimpa mkono unatamani kuukata." Alikubali posa kwa sababu tu Amina aligoma kula.

Sasa aliyefika nyumbani akitafuna karafuu alikuwa yeye. Alikuwa ametafuna karafuu, iliki na tangawizi, akasukutua ndimu, akasugua ulimi kwa unga wa mkaa mpaka ukatoka damu. Joha alikuwa anaanua nguo. Aliishika fanila ya mumewe kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali.

"Baba Amina, acha kujitesa. Si mdomo."

"Ni nini?"

"Ni wewe mzima. Hii nimeifua mara mbili."

Wiki hiyo Joha alikuwa amehamishia godoro lake chumba cha Amina, na alilihamisha mchana, bila kununa, kama mtu anayehamisha kuku kabla ya mvua. Upole huo ndio uliomchukiza Hashimu kuliko kama angetukanwa.

Jioni, kabla jua halijatua, alikuja Shaaban, mdogo wake, dalali wa mahindi na alizeti kule Majengo. Shaaban alikuwa na tabia ya kuchokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti, kukitazama kijiti, kisha kukirudisha mdomoni. Alikaa mbali, akachokonoa, akatazama, akarudisha.

"Kaka, hili halina aibu. Dini imeruhusu uwakili. Sema mbele ya mashahidi kwamba umenipa mimi, nitaketi badala yako, nitamshika mkono kijana, kwisha. Wewe utakaa pale mlangoni unasikiliza."

"Nimekufa?"

"Hujafa. Unanuka kama uliyekufa, ndiyo shida."

Joha aliinamia nguo zake ili asionekane anacheka. Amina hakucheka. Alikuwa ametoka chumbani na kanga kichwani, akasimama karibu na nguzo, upande ambao upepo ulitoka kwake kwenda kwa baba yake.

"Baba, naomba baba mdogo akae," alisema. "Watu wa Hassani wataleta wazee wao. Watazungumza mpaka kwenye uzazi wangu kwamba baba yake Amina alikuwa... Nakuomba."

Hashimu alimtazama mdogo wake. Kijiti kilikuwa kimegandwa na kitu cheupe kwenye ncha. Mdomo huo ndio ungesema, nimekuozesha binti yetu Amina. Mkono huo ndio ungeshika.

"Sawa," alisema, akameza karafuu pamoja na mate.

*

Kazi iliyomfikisha katika hali hiyo ilikuwa kule chuoni mlimani, katika maabara ya Dokta Paulina, ambako siku hizi alikuwa fundi. Mama huyu, Mgogo aliyezaliwa Gulwe kando ya reli, alikuwa amesoma ng'ambo na kurudi na mapenzi ya kitu kimoja tu. Nacho ni madini ya chuma ambayo ukiyapoza mno, kwa baridi isiyojitokeza yenyewe mahali popote duniani, hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Waya wa kawaida hula umeme njiani, ndiyo maana hupata joto. Hayo hayali.

Fuwele zake zilikuwa za chuma kilichochanganywa na teluri na seleni, elementi mbili adimu, nyeusi, zenye matabaka membamba kama ya kitunguu. Zikitoka kwenye tanuri mara ya kwanza huwa gonjwa. Kuna chuma cha ziada kimejipenyeza katikati ya matabaka, kimekaa pasipo pake, na kikiwapo hapo umeme haupiti bure hata upoze vipi. Dawa yake ni moto wa polepole. Fuwele hutiwa katika mrija wa kioo kigumu pamoja na punje ya teluri, hewa yote hunyonywa, na Hashimu, mwenye mikono isiyotetemeka, huziba shingo ya mrija kwa ndimi za moto wa gesi. Kisha mrija hulala tanurini kwa siku kadhaa, joto likiwa chini ya lile la kuyeyusha, na hupozwa bila haraka. Mvuke wa teluri hukivuta kile chuma cha ziada hadi nje, kikafanya ganda jeusi juu ya fuwele. Ganda hilo hukwanguliwa kwa wembe mpaka uso safi ung'ae. Kipande kilichobaki, kama punje ya mchele, hubanwa ndani ya chombo kizito cha shaba ngumu, kikapozwa kikiwa kimebanwa hivyohivyo, na Dokta hutazama umeme unavyopita.

Aliyekwangua ganda ni Hashimu. Feni ya kabati la kutolea moshi ilikuwa imekufa tangu upepo wa kiangazi uanze, na mwenye kuitengeneza alikuwa anakuja kesho, kila siku. Barakoa ilikuwapo, imening'inia msumarini. Hashimu aliijaribu siku moja, akaivua kama aliyegusa nyoka. Ilinuka mpira na mdomo wa mtu mwingine. Basi akakwangua bila barakoa, na vumbi jeusi lilipojaa juu ya fuwele alilipuliza, puu, kama alivyopuliza vumbi la redio miaka yote kule Majengo. Vumbi hupeperuka. Vumbi hurudi.

Asubuhi ya Alhamisi, siku moja kabla ya ndoa, alifika maabara kuomba ruhusa mpaka harusi ipite. Dokta Paulina alimpokea kama kawaida yake.

"Shikamoo, Mzee Hashimu."

"Marahaba. Dokta, nimekuja kuaga. Nina tatizo la tumbo. Au la ngozi, sijui. Ninanuka."

Alitegemea akanushe kwa adabu. Katika mji mzima huyu ndiye pekee ambaye hakuwahi kurudi nyuma, na Hashimu alikuwa amemhesabia hilo kuwa heshima. Lakini Dokta alilainisha mkunjo wa koti lake jeupe, kisha akasema, "Si tumbo. Harufu hiyo naijua."

"Unaijua?"

"Ni teluri. Ikiingia mwilini, mwili unaigeuza hewa na kuitoa. Kwa pumzi, kwa jasho. Kwa kiasi ulichovuta haitakuua. Inanuka tu."

"Kwa muda gani?"

"Wiki kadhaa. Wengine miezi. Nilipokuwa nasoma kule, ilinishika hivyohivyo. Nikipanda treni, abiria walikuwa wanahama behewa."

Hashimu alikaa juu ya stuli. Kwanza alijisikia mwepesi, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa na jina. Kisha jina hilo likaanza kumkaa vibaya.

"Ulijua lini kwamba nimeivuta?"

Dokta alitazama dirisha. Nje upepo ulikuwa unabeba vumbi jekundu la viwanja vipya na kulitupa juu ya magari. "Nilikuona unapuliza. Siku ya kwanza."

"Ukanyamaza."

"Nilikwambia uvae barakoa, Mzee."

"Uliniambia mara moja. Habari ya kuzima taa unaniambia kila siku."

Ndipo Hashimu, kwa kuwa alikuwa karibu, na mwanga ulikuwa wa upande, akaona mng'aro chini ya pua ya Dokta. Mafuta. Dawa ile ya mafua yenye mnanaa, imepakwa mstari mwembamba kwenye mdomo wa juu, kwa uangalifu, kama wanja. Hakuwahi kurudi nyuma kwa sababu hakuwa ananusa.

"Mashine ya kupoza tumeazimwa," Dokta alisema. "Inarudi kwa wenyewe mwezi ujao. Ningekusimamisha, nani angekwangua? Wanafunzi wanavunja. Nilijiambia, ni harufu tu, itaisha, nitamweleza baadaye." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Nilipokuwa nanuka mimi niliapa sitamfanyia mtu hivi."

Kichefuchefu kilichomjia Hashimu hakikuwa cha pua. Alikuwa amezoea kutapishwa na bucha, na soksi, na kijiti cha Shaaban; vitu hivyo angalau huonekana. Mtu huyu alikuwa msafi. Koti limepigwa pasi, kucha zimekatwa. Alimtazama akitafuta pa kumsukumia kiti, asipaone.

Juu ya meza kilikuwapo kipande cha mwisho, kimetoka tanurini jana, ganda lake bado bichi. Wala hakuombwa. Aliinuka, akaitoa barakoa msumarini, akaivaa. Mpira. Mdomo wa mtu. Safari hii pia alijinusa mwenyewe ndani yake, akavumilia. Akakwangua mpaka uso ukang'aa, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Kuacha kitu kimekwanguliwa nusu kulimchukiza, sababu nyingine hakuwa nayo.

Mchana Dokta alikibana kipande, mashine ikaanza kunguruma, na baada ya saa nyingi za kungoja alimwita. Kwenye kioo cha kompyuta mstari ulikuwa unateremka taratibu kama mtu anayeshuka kilima cha kwao. Halafu ukaanguka wima, ukalala chini kabisa.

"Sifuri," alisema Dokta, na macho yake yakajaa maji. "Sifuri kabisa, Mzee. Tusingekipasha moto kisingefika hapo. Na tulivyokibana, kimefika kikiwa na joto zaidi kuliko vipande vilivyotangulia."

"Hicho tu?"

"Hicho tu."

Hashimu aliutazama ule mstari uliolala. Kwa ajili ya huo Joha alikuwa amehama kitanda. "Na ukizidi kukibana?"

"Kinapanda mpaka mahali fulani. Ukipita hapo kinashuka. Ukiendelea kubana, kinakufa."

Kwa furaha yake Dokta alinyoosha mkono. Ulikaa hewani. Hashimu aliuangalia, akaangalia mafuta yanayong'aa chini ya pua, akatundika barakoa msumarini. "Feni hiyo itengenezwe," alisema, "au mkwangue wenyewe." Akatoka.

Kwenye bajaji ya kurudi Chang'ombe dereva alifungua turubai pande zote mbili na kuendesha kichwa kikiwa nje kama mbuzi aliyepakiwa vibaya. Hashimu hakuomba radhi.

*

Ijumaa, baada ya alasiri, uani palitandikwa mikeka chini ya turubai. Joha alichoma udi mwingi mno, na udi ulipokutana na ile harufu ukazaa kitu cha tatu, kibaya kuliko wazazi wake wote wawili. Wazee waliokuja na Hassani kutoka Kondoa walikaa wakikohoa. Imamu alikuwa na leso mkononi. Shaaban, ndani ya kanzu mpya yenye alama za mkunjo wa dukani, aliketi mahali pa walii, mwenye kuozesha, na kijiti kikiwa nyuma ya sikio.

Hashimu alipangiwa mlangoni. Aliambiwa tu, "Baba Amina, kiti chako kile," akaenda, na alipokuwa anakishika kukisogeza aliona waya kwenye mguu. Aliketi. Kiti kiliyumba upande mmoja, na ilimbidi akaze paja ili kisimmwage. Kutoka hapo nyuso za watu zilikuwa mbali na maneno yao yalifika yakiwa yamechanika. Mtu aliyeketishwa hapo angelazimika kupaza sauti. Alikumbuka sauti ya Hassani siku ile, namna ilivyopanda ikakwaruza, na namna yeye alivyojiambia kwamba kijana huyu hana adabu, anapigia kelele wakubwa.

Hassani aliingia, akasalimia, akaketi mbele ya Shaaban. Kabla hajatoa mkono aligeuka kutazama mlangoni.

Imamu alikohoa ndani ya leso. "Walii yupo, au wakili wake?"

"Wakili," alisema Shaaban. "Kaka hajisikii vizuri."

"Ninajisikia vizuri," alisema Hashimu. Ilimlazimu kusema kwa nguvu. "Ninanuka. Ni vitu viwili tofauti."

Nyuma ya pazia, ambako Amina alikuwa ameketi na wanawake, bangili zilizokuwa zikilia zilikoma.

Hashimu alisimama, akapita katikati ya mikeka. Watu walimpisha upesi kuliko walivyotaka kuonekana. "Si kitunguu, wazee wangu. Si mzizi wala uchawi. Ni vumbi la kazini, nililipuliza kwa mdomo wangu mwenyewe kwa kuwa niliona kinyaa kuvaa barakoa. Litatoka likitaka. Shaaban, sogea."

"Kaka, tulikubaliana."

"Nilikupa, sasa nakunyang'anya. Na hicho kijiti, kitupe."

Mzee mmoja wa Kondoa alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Shaaban alisogea akinung'unika. Hashimu akaketi pale pale, goti kwa goti na mkwewe. Aliona mianzi ya pua ya kijana ikikaza, ikafunguka.

"Harufu yako niliisikia tangu barabarani, baba," alisema Hassani kwa sauti ya chini, ya watu wawili.

"Na yako niliisikia tangu barabarani siku ile."

"Najua. Ulinipa hewa."

Akatoa mkono, Hashimu akaushika. Ulikuwa mgumu, umepasuliwa na chumvi, na chini ya manukato ya harusi ilitoka ile harufu yenyewe, ngozi mbichi, mafuta ya mnyama, damu iliyokauka zamani. Haikuwa imepungua hata kidogo. Pua ya Hashimu iliikataa kama siku ya posa, na akajua kwamba itaikataa katika kila Idi atakayompa mkono huu mpaka anaingia kaburini. Vidole vyake vilitaka kufunguka. Akavikaza. Hassani naye akakaza.

Imamu aliinama kuwasomea maneno, akasahau kuziba pua, akakumbuka. Nyuma ya pazia bangili zililia mara moja, kwa hasira au kwa kitu kingine, Hashimu hakuweza kujua, wala hakugeuka kutazama. Karafuu iliyobaki shavuni aliitema kiganjani, akaiweka juu ya mkeka.

Kisha akavuta pumzi, ndefu, mpaka kifua kikajaa.